Mjusi Aliyelia Ndani ya Kompyuta ya Baba

Mjusi alianza kulia ndani ya kompyuta ya baba siku kumi na mbili kabla ya hitma yetu ya Shaabani. Tk, tk, tk, kimya, kisha tk moja ya mwisho, kama mtu aliyesahau neno akalikumbuka ameshafika mlangoni. Baba alivua miwani, akainamisha sikio.

"Mjusi kafiri huyo," alisema. "Kaingia kwenye CPU."

Kompyuta ile ilikaa sebuleni kwetu Kibaha, juu ya meza ya kona, imevaa kuliko sisi sote. Mama alikuwa ameifumia vitambaa vitatu: kimoja cha kioo, kimoja cha kibodi, na kikubwa chenye waridi jekundu kwa ajili ya boksi lenyewe. Baba aliinunua kuukuu alipostaafu ualimu. Hakuchezea karata humo wala hakutazama picha. Kwake kazi yake ilikuwa moja: orodha.

Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, ukoo wetu hukusanyika Kisarawe uani kwa shangazi, tukasoma hitma na kuwaombea wafu wetu kwa majina, mmoja mmoja. Msomaji wa majina ni baba. Aliyakusanya kwa miaka mingi, akizunguka na daftari Gwata, Magindu na vitongoji vya Kisarawe, akikaa kwenye mikeka ya wazee na kuuliza: na babu yake huyu aliitwa nani, na dada yake yule aliyeolewa mbali? Wengi wa wazee aliowauliza sasa wamo wenyewe kwenye orodha. Lile daftari lililiwa na mchwa. Majina mia mbili na kumi na tisa yalibaki ndani ya lile boksi lenye waridi, na kwingineko popote hayakuwepo.

Mimi ninaandika riwaya, na watu huniuliza kitabu gani kilinifanya niwe mwandishi. Huwa nataja hiki na kile ili nisionekane mjinga. Ukweli ni kwamba ilikuwa orodha ile. Nilikuwa mtoto nimekaa kwenye jamvi, harufu ya ubani na ya pilau zikishindana puani, na sauti ya baba ikiita watu nisiowajua hadi nikahisi wamesimama nyuma ya ukuta wa makuti wakisubiri kukaribishwa. Sijawahi kuandika sentensi yenye nguvu ya yale majina.

Sasa utauliza kwa nini hapakuwa na nakala. Zilikuwepo sababu mbili, zote za heshima. Juu ya orodha baba alikuwa ameandika Fatiha, kwa Kiarabu, herufi kubwa. Kwa hiyo karatasi aliyochapisha kila mwaka haikuweza kutupwa ovyo: baada ya hitma aliichoma, na jivu akalifukia pasipokanyagwa na mtu. Na flashi aliikataa kabisa. Nilipomnunulia moja, aliigeuza kiganjani akaniuliza, "Hii inakaa wapi?"

"Mfukoni, baba."

"Na suruali inaingia wapi?"

Nilielewa. Mfuko wa suruali huingia msalani, na Fatiha haiingii msalani, wala marehemu wetu. Flashi ikarudi dukani. Mimi, ambaye kazi zangu nazihifadhi sehemu tatu, sikubisha tena.

Basi siku ile tuliivua kompyuta vitambaa vyake, tukaifungua kumtafuta mjusi. Mama alishika ufagio kwa mikono miwili, amejiandaa. Tulikuta vumbi nene kama sufi, sindano ya kufumia aliyoitafuta mwaka mzima, na mende mmoja mkavu.

"Mjusi yuko wapi?" aliuliza mama.

"Katoroka," alisema baba. Akaiwasha. Tk, tk, tk. Kioo kikakaa cheusi, kikaandika mstari mmoja mweupe, kikanyamaza.

Fundi wa jirani alikuja asubuhi ya pili. Aliitazama kwa muda mfupi kuliko unaotumika kunywa kikombe cha chai, tena chai yenyewe aliimaliza.

"Hii ipigwe window mpya, mzee. Saa moja tu, inakuwa kama imetoka dukani."

"Kama imetoka dukani," baba alirudia, uso ukimfunguka. "Haya, ipige."

"Na orodha?" niliuliza. "Ukipiga window, vitu vilivyomo vinabaki?"

Fundi alijikuna shingo. "Vya zamani vinafutika. Lakini inakuwa nyepesi sana!"

Baba aliweka mkono wake juu ya boksi, taratibu, kama anayemzuia mtoto asivuke barabara. Chai ya pili haikumiminwa.

Aliyebaki alikuwa binamu yangu wa Kisarawe, binti wa shangazi, ambaye ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na soko. Nilimpigia. Kabla sijamaliza kueleza aliniambia nisogeze simu kwenye kompyuta na kuiwasha. Alisikiliza tk mbili tu, akapiga kelele: "Zima! Zima hiyo! Usiiwashe tena mpaka niione!"

Ningeweza kuing'oa diski inayotunza mafaili na kumpelekea ndani ya taulo. Baba hakutaka kusikia. Kompyuta itasafiri nzima, na kitambaa chake. Tulipanda kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha jirani anayefuata mananasi Kisarawe. Baba na mimi tulibanana mbele, boksi mapajani mwake, akilishika kila tulipokuta tuta. Tukapita Mbezi, tukakata kwenda Pugu, tukapanda kilima.

"Shikamoo mjomba," alisema binamu, akimpokea mzigo.

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Kisha akanigeukia mimi. Sisi ni mabinamu, na utani kati yetu haupumziki hata msibani. "Na wewe mume wangu, hatimaye umeleta mahari? Kompyuta kuukuu iliyovaa kitambaa?"

"Nimeleta na mjusi wake."

"Mjusi ni wewe. Unaandika vitabu, kunakili faili moja kumekushinda?"

Nikashika upande mmoja wa boksi.

Nilidhani ataanza kufungua skrubu. Alianza kwa kupunguza washukiwa. Alibadilisha waya wa umeme, akasikiliza. Akabadilisha utepe unaounganisha diski na ubao, akasikiliza. Kisha akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye diski, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Baba naye alifumba ya kwake.

"Mjomba, humu ndani kuna sahani inayozunguka na mkono mwembamba unaoisoma," alisema binamu. "Mkono unakwenda kusoma, haupaoni mahali, unarudi mwanzo. Kila ukirudi unagonga. Ndiyo tk yenyewe."

"Imekufa?"

"Inakufa. Haijafa. Kwa hiyo haiandikwi kitu, haichunguzwi zaidi, haisumbuliwi. Mgonjwa anaulizwa jambo moja tu. Unataka nini humo?"

"Marehemu wetu," alisema baba.

Aliing'oa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta yake, ili iwe ya kusomwa tu. Mafaili yalijitokeza pole pole. Orodha ilikuwepo! Alibonyeza kunakili, mstari wa kijani ukaanza kutembea, ukafika katikati, ukasimama. Tk, tk.

Binamu alizima, akaweka diski mbele ya feni juu ya kisahani cha chai. "Ipoe. Ikipoa huwa inajikaza kidogo."

Wakati ikipoa, baba alianza kuyataja majina kwa kichwa. Nilimshikia daftari jipya, nikiandika. Alikwenda vizuri, nyumba kwa nyumba, kama anavyotembea kijijini: wa Gwata, kisha wa kwa bibi mzaa baba, kisha wale watoto pacha. Alipomaliza jina la arobaini na tatu alisimama. Akarudi nyuma majina matatu, akaja tena, akasimama palepale. Akarudi tena. Niliona midomo yake ikigonga na nikatazama pembeni.

"Alikuwa mwanamke," alisema. "Mfupi. Alikuwa na shamba la mihogo. Mimi ndiye wa mwisho aliyeambiwa jina lake."

Binamu alirudisha diski. Mstari wa kijani ukatembea, ukafika katikati, ukasita. Baba akasema "Bismillahi" kwa sauti ya kumhimiza punda. Ukavuka.

Faili lilifunguka lote, kuanzia Fatiha hadi wa mia mbili na kumi na tisa. Baba hakushangilia. Alisogea kwenye kioo, akapitisha kidole hadi wa arobaini na nne, akalisoma jina lile kwa sauti. "Nisamehe, bibi," alimwambia.

Tulijaribu na vitu vichache nilivyoviweka humo mimi. Picha chache zilitoka. Riwaya yangu ya kwanza, niliyoiandika kidato cha pili, ilikataa katakata, na baada ya hapo diski haikuzunguka tena.

"Poleni sana wafiwa," alisema binamu. "Ila Mungu ana huruma kwa wasomaji."

Baba alicheka mpaka akavua kofia.

Kisha likaja suala la flashi. Binamu alikuwa ameshanakili mbili, moja abaki nayo, moja aende nayo baba. Baba akaeleza habari ya mfuko na msala.

"Mjomba, simu yako si ina Yasini nzima? Ukienda msalani unaiweka wapi?"

"Namwachia mtu."

"Basi na hii mwachie mtu."

Miaka yote ile, na hilo halikutupitia kichwani hata mmoja wetu, mwalimu wala mwandishi. Binamu akaitia flashi kamba ya kiatu, akamvisha shingoni. Kompyuta tulimwachia aitafutie diski nyingine. Kitambaa tulirudi nacho, kwa sababu mama angeuliza.

Tukiwa njiani kurudi, karibu na Pugu, kirikuu kilisimama kwenye kituo cha mafuta. Baba alishuka, akatazama kibao cha choo, akarudi hadi dirishani kwangu. Alivua kamba shingoni, akaiweka kiganjani mwangu na kunikunja vidole kimoja kimoja.

"Nishikie hawa," alisema. "Na usikae. Simama."

Nilishuka, nikasimama wima kando ya mananasi, katika jua la saa kumi, nimewashika wote.