Chapa Mbili za Kidole cha Bibi

Kwa miezi kadhaa ya maisha yangu, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na cheti cha kidato cha nne, niliamini kwamba kidole gumba cha binadamu kina chapa mbili tu. Ya kwanza ukiibonyeza kwenye mashine ya watu wa misaada, inabaki huko huko. Ya pili ukiibonyeza kwenye mashine ya serikali, nayo inakwenda. Baada ya hapo kidole kinakuwa laini kama yai, na siku ukifa hakuna ofisi itakayokutambua; hata mbinguni watakuzungusha getini mpaka uchoke.

Msinicheke bado. Nilikuwa na ushahidi.

Ushahidi wangu ulikuwa kidole cha bibi yangu, mama yake baba, aliyenilea kijijini Puge tangu sijui kufunga vifungo vya shati. Kidole kile kilikuwa kimemenya karanga nyingi kuliko zilizowahi kulimwa Nzega nzima. Ukikipapasa, ni kokoto ya mtoni. Mwaka ule mvua ya upepo iliezua nusu ya paa lake na kuyafukia majaruba yake ya mpunga kwa mchanga. Shirika moja la misaada likaja kijijini kuandikisha waliopoteza mazao, ili watumiwe fedha kwenye simu kwa miezi michache. Bibi akaweka kidole kwenye mashine. Mashine ikalia. Akaweka tena, ikalia tena. Wakakifuta kwa kitambaa, wakakipaka mafuta, wakakipulizia pumzi, nusura wamwite katekista akiombee. Mwishoni kikakubali cha mkono wa kushoto, na foleni nzima ikapiga vigelegele kana kwamba bibi kaolewa upya.

Mimi wakati huo nilikuwa, na bado ni, fundi baiskeli Kanyenye, mjini Tabora. Elimu yangu niliipata kwenye masomo ya jioni, nikiingia darasani na grisi kwenye kucha, na nilisoma muda mrefu kiasi kwamba walimu watatu walistaafu mikononi mwangu. Cheti nimekitia fremu kubwa kuliko dirisha la chumba changu. Jumamosi nikipata nafasi nilipanda basi la Nzega, nikashuka Puge, nikamkuta bibi mlangoni na ungo mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umemfuata mkeo au umefuata matobolwa?"

"Nimemfuata mke. Matobolwa nitayala kwa bahati mbaya."

Naye alikuwa akicheka, akiingia ndani na kutoka na bakuli la vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, na karanga za kutafunia pamoja. Nimekula katika hoteli mbili kubwa za Tabora, moja kwenye harusi na moja kwa kukosea mlango, na sijaona kitu kinachokikaribia chakula kile.

Sasa, msaada ule ulikuwa wa dharura, na dharura ina mwisho wake. Afisa kutoka wilayani akaja kwenye mkutano wa kijiji pamoja na watu wa shirika, akaeleza mpango. Alisema zamani misaada ikiisha, kila mtu alirudi kwenye shida yake, na serikali ikaanza upya kumtafuta yule yule aliyekuwa ameshaandikwa na wengine. Safari hii wangeunganisha. Orodha ya shirika ingepelekwa kwenye rejista ya serikali ya kaya maskini, na wale wasio na nguvu ya kulima wangeendelea kupata ruzuku kila baada ya muda, bila kukatika. Sharti ni moja: kila mmoja aonekane nyumbani kwake siku ya uhakiki, aweke kidole, na majirani wamthibitishe.

Kwa bibi hilo lilikuwa na maana moja tu. Baba mdogo, anayeishi Morogoro, alikuwa ameshasema kwenye simu, "Mama akikosa kipato cha uhakika, namchukua. Siwezi kulala yeye yuko peke yake huko." Bibi alikuwa amemjibu kwamba yeye ndoa yake, kaburi la mumewe na shamba lake la karanga viko Puge, na havipandi treni. Ruzuku ile ndiyo ingemwacha nyumbani kwake.

Wiki ya uhakiki nilipita kwenye kibanda cha mtani wangu, mama mmoja wa Kizaramo anayefanya uwakala wa fedha za simu hapa hapa Kanyenye. Utani wetu sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni wa tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe na mizigo kutoka Tabora hadi pwani, wakipita katikati ya vijiji vyao na kuomba maji. Mpaka leo haujaisha, na hakuna anayetaka uishe.

"Mpagazi, umekuja bila mzigo leo?" akaniuliza. "Shingo imepona?"

"Imepona, mtani. Nyie ngoma mmemaliza, au bado mnamcheza mwali wa mwaka juzi?"

Kawaida tungeendelea hivyo nusu saa. Lakini siku ile alikuwa amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, kile wanachovaa mawakala waliochukuliwa kwenda vijijini kulipa fedha za msaada. Alikuwa ametoka Puge. Nikamwambia bibi yangu anahakikiwa Alhamisi.

Akaacha kuhesabu vocha zake. Akaniangalia kwa uso mkavu kabisa.

"Yule bibi wa kidole kilichogoma?"

"Huyo huyo."

"Mtani, kaa chini." Nikakaa. Ndipo aliponipa habari za chapa mbili, ya wafadhili na ya serikali, na yai, na geti la mbinguni. "Bibi yako, kidole cha kulia kimeshakwisha. Amebaki na cha kushoto, nacho ameshawapa wafadhili. Alhamisi akiweka tena, umempoteza."

Hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtoto wa Kinyamwezi anafundishwa kulikwepa kabla hajaota meno. Mtani akikurushia, unarudisha. Usiporudisha, ameshinda, na hana wajibu wa kukwambia kitu zaidi. Lakini mimi nilikiona kile kizibao. Nikajiambia, huyu sasa hivi yuko kazini, utani ameuacha nyumbani pamoja na kanga. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Asante, mama." Nikaondoka. Njiani nikauthibitisha ule uvumi kwa bayolojia ya masomo ya jioni: ngozi inakwisha, hilo tulifundishwa, basi na chapa lazima iishe.

Jumatano nikamfuata bibi, nikamwambia nimempatia nafasi ya kupimwa macho mjini.

"Mume wangu, kesho si ndiyo siku ya kuandikwa?"

"Watarudi tu, bibi. Macho hayasubiri."

Aliniangalia kwa macho yale yale niliyosema yanauma, ambayo yangeweza kumwona kuku wa jirani akivuka mpaka wa Igunga. Halafu akachukua kanga yake. Aliniamini. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma.

Alhamisi ile, Mungu anisamehe, ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi Tabora. Alikaa kwenye kiti changu cha ufundi kuanzia asubuhi, akisalimia kila mpita njia "mwangaluka" mpaka nikapata wateja ambao hata baiskeli hawana. Akanimenyea karanga. Akaniambia namna ya kusuka tairi, kitu ambacho hakijui, na nikafuata ushauri wake. Wakati watu wa uhakiki wanagonga mlango wake Puge, yeye alikuwa Kanyenye akicheka.

Kwenye karatasi zao wakaandika: hakupatikana. Jirani aliyeulizwa akasema kweli tupu, kwamba mjukuu kamchukua. Wakaelewa kahama. Fedha za shirika zikaja mara moja ya mwisho, kisha simu ya bibi ikanyamaza. Majirani zake wawili walioweka vidole siku ile wakaendelea kupata za serikali, na niliwatazama vidole vyao kwa siri kila nilipokwenda, nikisubiri viwe mayai. Havikuwa. Nikajiambia labda inachukua muda.

Baba mdogo akaja kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Hakugomba. Bibi naye hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma. Alifunga mlango, akanipa ufunguo. Stesheni ya Tabora alikaa dirishani na mfuko wa matobolwa mapajani, akaelekea mashariki njia ile ile waliyopita babu zetu kwa miguu. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na desturi ya kurudi.

Jumamosi bado naenda Puge. Nafagia ua usio na mtu. Nakaa mlangoni pale alipokuwa anakaa, na ungo umetundikwa ukutani juu ya kichwa changu. Karanga zimejiotea zenyewe nyuma ya jiko, chache, hazina wa kuzimenya. Bibi ananipigia kutoka Morogoro, ananiuliza kama imenyesha. Nikimwambia imenyesha, anauliza, "Udongo unanukia?" Namwambia unanukia mpaka Kigoma. Hapo sitii chumvi. Nimejaribu kununua matobolwa sokoni, nikamwagia karanga, nikafumba macho. Ni viazi tu.

Mtani wangu naye hakuwepo muda wote huo. Alikuwa ameenda kwao kumuuguza mama yake. Aliporudi nikamkuta anafuta vumbi kibandani.

"Mpagazi! Bibi yetu hajambo? Ruzuku inaingia?"

Nikamwambia. Nikamweleza macho ya uongo, na Alhamisi, na treni, na jinsi nilivyomwokolea bibi chapa yake ya mwisho. Nilimaliza nikisubiri anipongeze.

Alikuwa ameacha kufuta. Akavuta kigoda, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane akaniita mwanangu.

"Mwanangu, ule ulikuwa utani. Nilikungoja urudishe, hukurudisha, nikadhani umenuna. Chapa ya kidole haiishi. Mashine inaitazama tu, haiichukui. Na mzee ambaye kidole chake hakisomeki, wanamwandika kwa jina, majirani wanamthibitisha, basi. Bibi yako hakuhitaji hata kidole. Alihitaji kuwepo nyumbani."