Vitu Vilivyotangulia Pinetown

Ripoti ya kwanza aliyonipa nitafsiri ilikuwa na mistari kumi na moja, na nilipoisoma nilimhurumia. Ilisema: Jumamosi nilifika saa nane. Mtoto alikuwa amekaa kwenye ngazi. Alikuwa na viatu. Alikula mkate, nusu akaifunga kwenye kitambaa. Niliondoka saa kumi. Nikageuza karatasi nikitafuta sehemu iliyobaki. Hakukuwa na sehemu iliyobaki.

Mwenye ripoti alikuwa mwanamke wa Bukavu mwenye saluni ndogo katikati ya Durban, viti vitatu na kioo kirefu, mahali ambapo wanawake wa Kikongo na wa Kirundi husukwa huku wakibishana kwaya ya kanisa gani inaimba vizuri zaidi. Kila mtu alimwita Mama, hata wateja waliomzidi umri. Kwa miaka kadhaa alikuwa mmoja wa kundi dogo la wanawake wanaojitolea kusimama upande wa watoto kwenye mahakama ya watoto: waliopigwa, walioachwa, waliofungiwa ndani. Ofisa wa ustawi wa jamii ana mafaili yanayomfika kiunoni. Mwanamke wa kundi lile ana mtoto mmoja tu. Anamtembelea huyohuyo, wiki baada ya wiki, mpaka kesi iishe, kisha anamweleza hakimu alichokiona.

Mimi nilikuja Durban kusoma, nikabaki kuandika. Nilikuwa na riwaya moja iliyochapishwa, na marafiki wa kusomeana kazi zetu kwenye mkahawa mmoja wa Glenwood, ambapo mtu akisoma sentensi nzuri tulikuwa tunagonga meza kwa vijiko. Mama alihitaji mtu wa kumwandikia Kiingereza. Kifaransa alikuwa nacho, Kizulu cha sokoni kilimtosha, lakini Kiingereza cha kuandika kilimshinda. Mteja wake mmoja akanitaja. Siku ya kwanza alinitazama kutoka viatuni mpaka kwenye nywele, akauliza kama ni kweli naandika vitabu vya uongo. Nikasema ni riwaya.

“Ndiyo hiyo,” akasema. “Hapa iko kazi ya kweli. Utaweza?”

Wasichana wa saluni wakacheka. Tangu siku ile jina langu pale likawa Muandishi, likitamkwa kama jina la mtu asiyejua kubeba ndoo.

Mtoto wa mwaka ule alikuwa msichana wa miaka minane. Mama yake mzazi alikufa. Baba yake, dereva wa malori ya makontena bandarini, alioa tena, na alipokuwa safarini yule mke mpya alimfungia mtoto bafuni na kumnyima chakula. Majirani ndio waliosema. Mtoto akapelekwa kwenye nyumba ya watoto, na baba akatuma barua kwamba hapingi lolote. Aliyemtaka alikuwa shangazi yake, dada wa baba, mshonaji katika kiwanda cha nguo Pinetown. Kila Jumamosi alipanda teksi mbili kuja kumwona, na saa kumi alianza safari ya kurudi ili awahi zamu.

Nilimsindikiza Mama mara mbili kwenye ziara zile. Nilitegemea mahojiano. Badala yake alikaa ngazi ya juu, akamkalisha mtoto ngazi ya chini, akaanza kumchana nywele bila kumuuliza kitu. Mtoto alikuwa na maneno machache kuliko mtoto yeyote niliyewahi kukutana naye. Alijibu kwa kichwa. Mama naye alijiongelea habari za saluni, za mteja aliyelala kwenye kiti akaamka na mtindo aliouchagua dada yake, na mara moja tu nikasikia mtoto akicheka kwa pua. Shangazi alipofika, Mama alisogea pembeni, akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu, akaandika. Nilipochungulia aliniambia niende nikamsaidie mpishi kumenya viazi.

Kesi ilipokaribia, nikajua uzito wake. Ofisa alikuwa anapendekeza mtoto abaki kwenye nyumba ya watoto mwaka mwingine. Shangazi alikuwa na chumba kimoja na zamu zinazobadilika, na kubwa zaidi, mtoto alinyamaza kila alipoulizwa anataka kuishi wapi. Mama aliamini mtoto anataka kwenda kwa shangazi. Ripoti yake ndiyo pekee iliyokuwa upande huo.

Aliniletea kurasa sita za daftari. Tarehe, saa, mkate, viatu, mvua ilinyesha, shangazi kachelewa, shangazi kaleta machungwa. Nikasoma nikaogopa. Nikaona hakimu akipiga miayo na mtoto akipoteza mwaka. Basi nikafanya nilichojua kufanya. Nikapunguza vitu vidogovidogo, nikapanga vilivyobaki, na karibu na mwisho nikaandika kwamba kila mara shangazi anapoondoka, mtoto husimama dirishani kwenye chumba cha kulala, akaitazama njia mpaka giza liingie, akalia mpaka usingizi umchukue. Ilikuwa sentensi nzuri. Pale Glenwood vijiko vingelia.

Mama aliniambia nimsomee kwa Kiswahili kabla hajatia sahihi. Mikono yake ilikuwa kichwani mwa mteja. Nikamsomea ripoti nzima isipokuwa sentensi ile, kwa sababu nilijua angeifuta. Akafuta mafuta vidoleni, akasaini.

Mahakama ya watoto ni chumba cha kawaida: meza ndefu, viti, sanduku la midoli pembeni, na mlango uliofungwa ili habari za mtoto zisitoke nje. Hakimu alikuwa mama wa Kihindi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Mkalimani wa Kiswahili aliyepangwa siku ile hakutokea, hakimu akauliza kama kuna mwingine, nikaapishwa mimi. Mtoto alikaa kati ya Mama na mlezi wa nyumba ya watoto, bibi wa Kizulu mwenye sauti ya chini. Upande wa pili walikaa ofisa na shangazi, ambaye bado alikuwa na vipande vya uzi kwenye mkono wa koti.

Ofisa alisema aliyokuwa nayo, na hakusema uongo. Hawezi, alisema, kumpeleka mtoto mahali ambapo mtoto mwenyewe hajasema anapataka. Kisha akainua ripoti yetu. Aliomba mlezi aulizwe habari za dirisha.

Mlezi aliona aibu kwa niaba yetu. Alieleza kwamba dirisha la chumba cha wasichana liko juu ya kabati, hata yeye halifikii bila kiti. Na mtoto halii. Shangazi akiondoka, mtoto huenda kuruka kamba na wenzake, na jioni hulala kama jiwe.

Hakimu akaniambia nimuulize Mama kama aliona mambo haya kwa macho yake, au kama mtoto alimwambia. Nikauliza. Mama akanitazama jinsi anavyotazama kichwa kilichosukwa vibaya na mtu mwingine, akitafuta pa kuanzia kufumua.

“Hii haiko yangu,” akasema. “Mtoto hakuniambia, na mimi sikuona. Saa kumi niko naondoka. Nyuma ya saa kumi, mimi sijui.”

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema labda, au kwamba watoto ndivyo walivyo. Mtoto aliyempenda alikuwa kando yake, kiwiko kwa kiwiko, na ripoti ile ndiyo silaha pekee waliyokuwa nayo. Nikatafsiri neno kwa neno. Hakimu akauliza ni ya nani basi. Mama akaniachia swali hilo, wala hakunitazama tena. Nikasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kwamba ni yangu.

Hakimu alizungumza taratibu, na hilo lilikuwa baya kuliko kufokewa. Alisema ripoti yenye mstari mmoja wa kutunga inamlazimu kuitilia shaka yote, na kwamba ana haki ya kuiweka kando. Akauliza kama Mama anataka kuiondoa. Mama akafungua mkoba, akatoa daftari la bluu, akaomba asome yeye mwenyewe, Kiswahili chake, na mimi nitafsiri bila kuongeza chumvi.

Akasoma kila Jumamosi. Saa za kufika, saa za kuondoka, mkate, mvua. Ofisa alikuwa ameshika kalamu bila kuandika. Kisha ikaja mistari ambayo niliijua, kwa kuwa niliikata kwa mkono wangu. Jumamosi fulani mtoto alimpa shangazi kitana chake aende nacho. Wiki mbili baadaye, sweta nyekundu. Halafu mchoro wa nyumba yenye milango miwili. Jumamosi ya mwisho alivua viatu vya Jumapili, akavifunga kwenye mfuko wa plastiki, akampa shangazi, akabaki na kandambili.

Hakimu akavaa miwani. Alimuuliza shangazi vitu hivyo viko wapi.

Shangazi alianza kujitetea. Alidhani mtoto anaogopa kuibiwa na wenzake, mara mbili alitaka kuvirudisha na mtoto akakataa kuvipokea. Kitana kiko kwenye kopo dirishani. Sweta ameifua. Mchoro ameubandika ukutani upande wa kitanda, na viatu viko chini ya kitanda, anavipiga rangi Jumapili japo hakuna anayevivaa. Alisema haya yote akiangalia meza, kama mtu anayekiri kosa.

Hakimu akamgeukia mtoto. Hakumuuliza anataka kuishi wapi. Alimuuliza kama angependa shangazi amletee vitu vyake Jumamosi ijayo.

Mtoto alifikiri. Akamtazama Mama, na Mama akaangalia ukutani, makusudi kabisa, asije akampa jibu.

“Hapana,” mtoto akasema. “Vikae tu. Nitavikuta.”

Nilitafsiri vibaya, hakimu akaniomba nirudie. Nikarudia. Shangazi alijifunika uso kwa mkono wa koti wenye nyuzi.

Tulitolewa nje kidogo, tukaitwa tena. Mtoto alikabidhiwa kwa shangazi, ofisa awatembelee kila mwezi, warudi mahakamani baada ya miezi sita. Ofisa mwenyewe ndiye aliyesema kwamba zamu za usiku zinaweza kuzungumzwa na kiwanda, na kwamba atapiga simu leo. Hakimu akanisogezea ripoti, nikachora mstari juu ya sentensi yangu, nikatia sahihi pembeni.

Kwenye korido Mama alinivuta kando ya mashine ya maji. Aliniambia kwamba kutojua Kiingereza si upofu, na kwamba alikuwa amenikabidhi kinywa chake. Hakuinua sauti. Alisema yule mtoto maisha yake yote watu wazima wamekuwa wakimsemea, baba, mke wa baba, ofisa, na sasa hata mimi nimemwekea machozi ambayo hakuyatoa. Nikaomba msamaha. Akaniambia kuna mtoto mwingine, huko Mobeni, faili limekuja jana, na kwamba nisitie kalamu kwenye karatasi kabla sijakaa kwenye ngazi pamoja naye Jumamosi tatu. Nimekaa nyingi tangu hapo. Bado sijaona mtu anayejua kutazama kama yule mwanamke.

Chini, barabarani, shangazi alimshika Mama mkono, akamwomba aje Pinetown. Jumamosi hii, alisema, atapika sombe ya majani ya muhogo, na mtoto atafurahi. Mtoto alikuwa ameshatangulia mpaka kwenye roboti, yaani taa za barabarani, akingoja zibadilike, begi mgongoni.

Nilijua jibu la Mama, kwa sababu kwa miezi minane sikuwahi kumwona akikosa Jumamosi moja ya mtoto yule. Alimwahirishia hata bibi harusi miadi ya kusukwa kwa ajili yake.

“Siji,” akasema. “Muda kidogo asinione. Akiniona atafikiri tribinali bado iko, kesi haijaisha.”

Shangazi akataka kubisha. Taa ikabadilika, mtoto akamwita, na ikabidi akimbie. Mama akanishika kiwiko tukageukia njia ya saluni, akitembea upesi mbele ya watu waliotoka kazini, na njia nzima alizungumza habari za mteja wa saa kumi na moja ambaye nywele zake, alisema, zina ukaidi wa mwenyewe.