Siku Niliyoijua Faraka

Nakumbuka, mwanangu, paa la nyumba likipanda kutoka ardhini mpaka juu ya vichwa vya watu, na hadi leo mwili unanisisimka. Lakini kabla ya paa kuna neno. Kaa vizuri, na simu iweke pembeni.

Niliolewa upande wa Kamachumu nikitokea Maruku, msichana wa darasa la pili aliyedhani Kiswahili chote amekimaliza. Ilikuwa miaka ya ujamaa, tulipoambiwa kijiji kiwe na shamba la pamoja. Shamba lilikuwa jambo jema. Liwe wapi, hapo ndipo tulipopotea. Watu wa mlimani walilitaka kwao, kwenye rweya, ile nyika ya majani. Sisi wa bondeni tulilitaka karibu na mto.

Kubishana si dhambi. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Lakini yetu yalivuka mpaka. Ukipanda mlimani kuomba kaa la moto, unaambiwa moto umezimika, na moshi unauona kwa macho yako. Wa mlimani akishuka kwetu, hatumtolei kahawa ya kutafuna. Wewe umezaliwa Uhayani, huhitaji kuambiwa hilo ni tusi la namna gani.

Katekista wetu, mzee Ta Bernado, akasimama mkutanoni. "Jamani, hapa kijijini pameingia faraka."

Tukatazamana. Neno hilo hata katibu wa kijiji hakulijua.

"Faraka ndiyo dudu gani, Ta Bernado?" akauliza Ishengoma wa mlimani, mtu wa mizaha. "Linakula migomba?"

"Linakula wenye migomba."

Watu wakacheka, mkutano ukaishia hapo. Mimi nikamfuata mzee njiani. Nikamuuliza kama faraka ni kugawanyika.

"Mkungu tunagawana, binti, na hatuna faraka," akasema. "Sisi Wakatoliki, wale Walutheri, tunazikana, hatuna faraka. Hilo neno halisemwi ovyo. Lina mahali pake."

Mahali penyewe hakuniambia.

Masika yakakaribia. Mama mkwe wangu, Ma Koku, alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa imeoza nguzo ikabidi ibomolewe. Alilala jikoni kwetu pamoja na mbuzi, akingoja mpya kabla ya mvua. Nyumba yenyewe ilikuwa msonge, ya duara, paa linashuka mpaka chini. Msonge hauanzi na ukuta. Unaanza na kilele, pale pale chini: unafungwa mviringo mdogo wa matete, kisha mwingine mpana zaidi chini yake, na kila unapoongezwa mmoja, wanaume waliolizunguka paa wanalinyanyua kidogo. Ndiyo maana kazi hiyo huitiwa kijiji kizima. Mume wangu hakuwaita wa mlimani.

"Ishengoma na wenzake wako wapi?" mama yake akauliza.

"Tunatosha, Mawe," mwanawe akamjibu.

"Haya. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini labda chako kinavunja."

Na kweli, mwanzoni walitosha. Paa likazidi kupanuka, mikono haikuzidi. Kufika adhuhuri lilikuwa juu ya vichwa vyao, likaanza kuinama upande wa mlimani, ambako hakukuwa na mtu. Matete yakalia, ka, ka, ka. Mume wangu mishipa ya shingo imemtoka, hawezi kusogea, hawezi kuachia.

Ndipo kicheko kikatoka kwenye mibuni. Watu wa mlimani walikuwa wamesimama njiani na mapanga yao, wanatazama.

"Enyi wa bondeni!" Ishengoma akapaza sauti. "Ujamaa wenu unalala!"

Ta Bernado alikuwa ameketi akisokota kamba za migomba. Alinitazama mimi, wala si wao. "Umesikia, binti? Nyumba ya mjane inaanguka, na mtu anafurahi kwa kuwa si ya upande wake. Hiyo sasa ndiyo faraka."

 Mama mkwe akachukua kigoda chake, akaingia chini ya lile paa, pale pale lilipoinamia, akaketi.

"Mawe, toka!" mume wangu akalia.

"Nitoke niende wapi? Hapa ni kwangu." Kisha akageukia njiani. "Ishengoma! Kitovu chako nilikikata kwa mikono hii. Haya, cheka."

 Mwanangu, panga likaanguka chini. Ishengoma akaja mbio akivunja mibuni, wenzake nyuma yake, wakaingiza mabega. Paa likanyooka. Likapanda, taratibu, duara zima kwa pamoja, na Ma Koku yuko katikati yake juu ya kigoda, jua likimpitia kwenye matete. Nilijikuta nimepiga magoti. Ta Bernado alivua kofia.

"Mkimaliza," mama mkwe akasema, "kahawa ipo." Wakatafuna wote kutoka kikapu kimoja.

Shamba? Walibishana sana, mwisho likaenda mlimani. Mume wangu alinung'unika mpaka anakufa. Lakini alikwenda kulima.

Basi nisikilize. Nyinyi leo mna vyama, kanisa moja kwaya mbili, ukoo mmoja vikao viwili. Sikukatazi kuwa na upande. Hata paa la msonge kila mtu hulinyanyua kutoka upande wake. Lakini ukisikia wenzako wamepatwa na hasara, na moyo wako ukacheka, usingoje katekista akueleze maana ya neno. Tupa panga, kimbia, ingiza bega.

Mungu akupe nyumba, mwanangu, akupe na majirani wa kuizunguka pande zote. Na siku paa lako litakapoinama, likute bega la mtu wa mlimani.