Galoni Mia Tano za Leonardi

Abdulsalam, fundi wa kuchomelea pale Bunda mjini, alikuwa na maringo yake: hesabu alizifanya kichwani, tena kwa sauti, ili mteja asikie. Leonardi wa Butiama alipompigia simu kwamba kapata tangi la maji la galoni mia tano huko Musoma na anataka mnara wa kuliweka, Abdulsalam alizidisha kwa nne palepale. Kwani galoni ya rangi, anayoifungua kila wiki, si lita nne? Lita elfu mbili, akasema, na kwa uzito huo chuma chembamba kinatosha.

Tangi lilipofika na lori la Canter, mnara ulishasimama. Ubavuni liliandikwa galoni 500, na chini yake lita 2,273. Akasoma, akarudia. Alipaswa kusema. Lakini Leonardi alikuwa anamsifu mbele ya majirani, na sifa ni tamu. Akajiambia, nani aliwahi kuona tangi limejaa pomoni? Akapanda kufunga bomba la kuleta maji ya mvua kutoka kwenye mabati ya paa.

Masika yakalijaza. Mnara ukakunja goti, tangi likapasuka, na maji ya kiangazi kizima yakaishia shambani kwenye mihogo. Watu wakatafuta wa kumlaumu, wakampata Robi, aliyechimba msingi. Wakasema mashimo yake yalikuwa mafupi, na tangu hapo hakuna aliyempa kazi. Abdulsalam aliposikia alipata nafuu kwanza, kisha aibu, na aibu haikuondoka.

Leonardi akaja Bunda kuagiza mnara mwingine. Msingi, alisema, utachimbwa na mtu mwingine. Abdulsalam akauliza habari za Robi.

"Anatuleteaga maji na baiskeli kila asubuhi," Leonardi akajibu. "Hela hataki. Anasema ni deni lake."

Abdulsalam akaweka chini kipande cha chuma alichokishika.

"Mashimo ya Robi niliyapima mwenyewe, yalikuwa sawa. Chuma changu ndicho kilikuwa chembamba, na nilijua kabla ya kulipandisha tangi."

Leonardi hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema tu kwamba waondoke pamoja kwenda Butiama, maneno hayo yakasemwe kwa Robi mwenyewe.

Walimkuta Robi anasukuma baiskeli yenye madumu manne. Alipomwona fundi akaisimamisha haraka, akafuta mkono kwenye suruali na kuunyoosha. Kabla Abdulsalam hajafungua kinywa, Robi akamtangulia.

"Fundi, unisamehe," Robi alisema. "Nilikuharibia kazi yako."