Nguzo Moja Kila Wiki

Nilifika Ruiru nikiwa na begi moja na nia ya kukaa wiki moja. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la saba. Nimechuma mananasi Thika, nimechonga mawe Juja, nimelisha kuku wa watu Ngoliba, na kila mahali niliondoka pindi nilipoelewa kazi inavyokwenda. Safari hii nilikuja kumsalimia shangazi yangu, dada ya baba, ambaye ukoo mzima tunamwita Tata. Ndiye aliyenilea. Nilimkuta amekaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, kitabu chake cha kliniki mapajani.

"Umekuja kula ama kukaa?" aliniuliza.

"Kula kwanza, Tata."

Kliniki ya Thika walikuwa wamempa miezi mitatu. Sukari yake isiposhuka, vidonge havitatosha tena, ataanza sindano. Sindano yenyewe haikumtisha. Tatizo ni macho yake: hayaoni zile alama ndogo za bomba la sindano, kwa hivyo angehitaji mtu wa kumdunga kila siku, na mtu huyo ni binti yake anayekaa Thika, gorofa ya nne. Angefunga nyumba yake, aache kuku wake na migomba yake miwili, akae huko juu akitazama nguo za majirani zikikauka.

"Huko hata kuku hawezi kuchakura," alisema. "Sasa mimi nitachakura wapi?"

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilimuuliza nesi, nikamuuliza mwenye duka la dawa, nikasoma kila karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wa kliniki. Wote walisema yaleyale: vidonge kwa saa yake, ugali upungue, mboga ziongezeke, sukari iachwe, na atembee. Tata akampa jirani mkebe wake wa sukari siku hiyo hiyo. Mimi nikashika hilo la kutembea. Asubuhi ya kwanza nilimpeleka mpaka kwenye reli na kumrudisha. Siku mbili zilizofuata hakuweza kuinuka bila kushika ukuta.

"Ulitaka kuniponya ama kunizika?"

Barabara yetu ina nguzo za stima, zile za nyaya za umeme, kutoka langoni kwake mpaka yalikokuwa mashamba ya kahawa, siku hizi ploti za kujengea. Tukakubaliana tuanze na nguzo moja. Wiki nzima alikuwa akifika nguzo ya kwanza, anaigusa, anarudi. Wiki ya pili, nguzo ya pili. Mwendo huo ulinichosha kuliko kubeba mawe. Nilisimama pale nikimtazama akigusa nguzo ya stima kama anayeisalimia kwa mkono, nami miguu inaniwasha. Lakini kufikia wiki ya nne goti lake lilikuwa limeacha kulia, na hakunitafuta tena nimshike. Nikapata kibarua cha mjengo, naye akawa anatembea peke yake.

Wiki ya sita tukaenda duka la dawa kupima. Sukari ilikuwa imepanda.

Tata alipofika nyumbani alianza kupanga sufuria zake, kubwa upande mmoja, ndogo upande mwingine, nikajua anafikiria za kuacha na za kwenda nazo.

Sikulielewa jambo hilo, na nisipoelewa jambo silali vizuri. Kesho yake saruji ilikosekana mjengoni, nikamwambia nitatembea naye. Kwenye nguzo ya pili kulikuwa na lango, ambalo siku zangu lilikuwa limefungwa, na langoni rafiki yake wa kanisani, kikombe tayari mkononi.

"Leo umechelewa," akamwambia Tata. "Chai imeanza kupoa."

Chai ya kwetu haiwekewi sukari mezani. Inachemshwa humo humo sufuriani, pamoja na maziwa na majani, na ikishachemka haitoki. Tata akanywa kikombe kizima amesimama. Nguzo ya nne, lango jingine, kikombe kingine. Nguzo ya sita, kwa mama Mwislamu anayepika mahamri, chai na hamri juu yake. Ndipo nikaelewa: kila nguzo mbili nilizomwongezea zilikuwa zimemfikisha kwa rafiki mwingine.

"Tata, umekuwa ukinywa hizi zote kila siku?"

"Uliniambia nitembee. Hukuniambia nisisalimie watu."

"Si ungekataa?"

Alinitazama kana kwamba sina kwetu. "Nikatae chai ya mtu? Nimwambie sufuria yake ni chafu?"

Nilipendekeza tupite upande wa pili, ambako hakuna nyumba. Akasema kutembea bila kuongea na mtu ni kifungo, na yeye hajaiba. Mama wa mahamri, aliyekuwa akitusikiliza, akacheka.

"Mimi nikifunga mwezi mtukufu nakataa chai na hakuna anayekasirika," alisema. "Wewe huna la kusema, ndiyo maana unakunywa tu."

"Na siwezi kusema nimefunga," Tata akajibu. "Huo ni uongo."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda mjengoni, nilimkuta amechemsha chai ya rangi na tangawizi, bila sukari, akaijaza kwenye thamosi yake ya wageni. Akatia thamosi kwenye kiondo pamoja na vikombe vinne. Tulipofika lango la kwanza, kabla rafiki yake hajafungua mdomo, Tata alikuwa ameshammiminia. Na chai iliyoletwa na mgeni, huko kwetu, nani ataikataa?

Yule mama alikunja uso. "Hii ni chai ama maji ya kusuuza?"

"Kunywa, utazoea."

Kwenye lango la pili mwenyeji hakulalamika. Alikunywa polepole, kisha akasema kwamba yeye pia ana kitabu cha kliniki, anakificha chini ya godoro. Wiki iliyofuata alikuwa akitungojea nje, amevaa viatu vya raba, tukaenda naye mbele.

Miezi mitatu ilipoisha tulikuwa nguzo ya kumi na mbili. Daktari wa Thika alisoma kipimo, akasoma tena vipimo vya nyuma. Akasema sukari imeshuka, bado haijafika wanapotaka, lakini sindano tuiache kwanza. Aendelee na vidonge, na arudi.

"Umefanya nini, mama?"

"Nimebadilisha anayemimina," Tata akamjibu.

Jioni hiyo nilimkuta akirudisha sufuria mahali pake. Begi langu lilikuwa nyuma ya mlango, kama kawaida. Hakuniambia nikae. Alisema tu kwamba nguzo ya kumi na tatu iko chini ya mteremko, na kwamba thamosi anayohitaji sasa ni ile kubwa, nzito.

Sijawahi kukaa mahali muda mrefu namna hii. Huko mjengoni bado nachukua chai yenye sukari, vikombe viwili. Anajua. Juzi alinipa kikombe cha tangawizi, akasimama mbele yangu mpaka nikakimaliza.