Mafuta ya Mbuzi Kwenye Tarumbeta ya Baba

Mpaka leo nikisikia mshereheshaji akitangaza kwamba "leo tuna mgeni", natafuta mlango wa kutokea. Sisemi mgeni wa nyumbani, yule anayebisha hodi akapewa chai na ndizi. Nasema mgeni wa bendi.

Nilipuliza tarumbeta kwenye bendi ya kanisa letu, upande wa Kianjai, karibu ujana wangu wote, na kilichonichosha hakikuwa jua wala matope ya kwenda mazishi ya watu nisiowajua. Ni wageni. Kila shughuli kubwa ilikuwa na wake. Watu wakishakaa, mwenyekiti wa kamati ya kanisa alimwendea kiongozi wetu huku akitabasamu, akamtoa fimbo mkononi, akampa mgeni "atuongoze wimbo mmoja". Diwani alituongoza. Mwenye duka la mbolea alituongoza. Mkaguzi wa shule alituongoza amefumba macho, kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika soda. Sisi tulikuwa na dawa yetu. Hakuna aliyemtazama mgeni. Wote tulitazama goti la mpiga ngoma kubwa, maana goti lile halikuwahi kukosea. Mgeni alichapa hewa, sisi tukafuata goti, na watu wakampigia mgeni makofi.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha, hata kama nilikuwa nakereka. Ya siku ya kufungua kanisa jipya hayakuchekesha hata kidogo, na ndiyo ninayotaka kuyasema.

Sauti ya kwanza kwenye bendi yetu ilikuwa ya baba yangu. Alikuwa mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache, na tarumbeta yake ndicho kitu pekee nyumbani ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa bila kunawa. Mimi, binti yake, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijasomea ualimu bado, na nilipuliza sauti ya pili pembeni yake. Alinifundisha yeye mwenyewe, kwa do-re-mi zilizoandikwa kwa chaki kwenye mlango wa ghala.

Bendi ilikuwa na sheria moja aliyoisimamia kuliko amri kumi: hakuna kula kabla ya kupuliza. Ukila ugali na mboga, mabaki yanaingia ndani ya bomba. Ukila nyama ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kwetu asubuhi ni baridi, na mafuta yakishaingia yanaganda huko ndani na vibonyezo vinakataa kushuka. Kwa hiyo tulisukutua kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, tukapuliza na njaa, tukala baada ya watu wote kuondoka. Mara nyingi tulikuta mifupa. Hatukulalamika, ndivyo bendi ilivyokuwa.

Mwaka ule, meno mawili ya mbele ya baba, ya juu, yalianza kucheza. Fizi ilivimba ikawa ya zambarau. Alienda kuonyesha mjini Meru akaambiwa yang'olewe mara moja, yameoza hadi kwenye mzizi. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la siku moja na pamba mdomoni. Kwa mpuliza tarumbeta ni mwisho, kwa sababu mdomo wa juu unaegemea meno hayo. Tulikuwa tumemwona mzee mmoja wa bendi aliyewekewa meno ya bandia. Alirudi mazoezini mara kadhaa, kilichotoka kilikuwa upepo mtupu, akaacha kuja.

Baba akamwomba daktari amsubiri. Kanisa jipya lilikuwa limebakiza rangi na milango, na lile halikuwa kanisa la hivihivi kwake. Mawe yake yalitoka mtoni, na nyanya yangu, mama yake, aliyabeba mgongoni, kamba ikiwa kichwani, pamoja na akina mama wenzake, akafa kabla paa halijawekwa. Kamati ilikuwa imekubali kwamba siku ya ufunguzi, utepe ukikatwa, baba atasimama mlangoni na kupuliza peke yake ubeti mmoja wa wimbo ambao mama yake alikuwa akiuimba akibeba yale mawe. Ubeti mmoja tu. Kisha Jumatatu angeenda kung'olewa.

Basi akavumilia. Alikunywa uji uliopoa. Alikula viazi vilivyopondwa kama mtoto. Alitafuna karafuu mpaka nyumba nzima ikanuka pilau ambalo hatukuwa nalo. Jioni alienda nyuma ya zizi akafanya mazoezi, na akimaliza aliinama akatema, na nilipopita asubuhi niliona mate yenye damu kwenye nyasi. Mama alimwambia aachane na mambo hayo, atapata sumu kwenye damu. Akajibu kwamba sumu ikae hapo kwanza, itamkuta baada ya Jumapili.

Kumbe kamati ilikuwa na mipango yake. Siku mbili kabla, tukasikia kwamba kuna wageni wawili: kiongozi wa bendi kutoka Embu, mtu mashuhuri kwenye mashindano ya kwaya, na pamoja naye kijana mpuliza tarumbeta wa Nairobi ambaye, walisema, amewahi kupuliza mbele ya wakubwa. Baba alifurahi. Alisema itakuwa vizuri kusikia mtu aliyesomea.

Walifika Jumapili kwa gari jeupe, wakati sisi tumeshasimama juani kwa muda mrefu na sare zetu za buluu zilizopauka. Wakapelekwa moja kwa moja kwenye hema la kamati. Hema lile lilikuwa hatua chache kutoka kwetu na halikuwa na ukuta upande wetu, kwa hiyo tuliona kila kitu. Waliletewa mbuzi. Akina mama waliwanawisha mikono na kuwamiminia mchuzi, na mwenyekiti mwenyewe aliwakatia mbavu, akiwawekea vipande vyenye mafuta kwa kuwa ndiyo heshima. Kijana wa Nairobi alikula kwa bidii. Mafuta yalimtiririka hadi kwenye kidevu, akayapangusa kwa kitambaa cha meza ambacho akina mama walikuwa wamekidarizi kwa msimu mzima. Kisha akachokoa meno kwa njiti ya kiberiti, polepole, akiyafurahia. Alikuwa na meno mazuri, meupe, na yote yalikuwepo. Nilimchukia kwa hayo meno. Najua si haki, lakini ndivyo nilivyosikia.

Mwenyekiti akaja kwetu akipangusa mikono.

"Muga, mzee," akamsalimu baba kwa Kimeru. "Sasa kuna kitu kidogo tu. Huyu mgeni wetu hakukuja na chombo. Aliambiwa hapa kila kitu iko. Si utampatia hiyo yako kidogo apulize pale kwa mlango?"

"Kwa mlango ni mimi," baba akasema.

"Ni wewe, ni kweli. Lakini si unajua vile watu wetu wako? Tutoe mtu Nairobi, tumlishe, halafu aketi aangalie wenyeji wakipuliza? Tutaonekanaje? Wewe uko hapa siku zote, mzee. Utapuliza Jumapili ingine."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna Jumapili nyingine. Alijua. Kamati nzima ilijua habari ya meno, ilikuwa imeombewa kanisani. Nikasema, "Achukue yangu." Mwenyekiti akaipokea akampelekea. Kijana akaijaribu pale pale mezani, mdomo haujapanguswa, akabonyeza mara mbili akatikisa kichwa. Kibonyezo changu cha kati kilikuwa kinakwama, na kila mtu alijua hivyo. Ikarudi kwangu ikiwa inang'aa mafuta. Niliishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya.

Baba alitazama tarumbeta yake. Alikuwa ameisugua kwa majivu na ndimu hadi ukajiona uso ndani yake. Nilidhani atakataa. Nilikuwa namwombea akatae, nilikuwa tayari kwa ugomvi, kwa aibu, kwa lolote. Akaifuta mara moja kwa leso, ingawa ilikuwa safi, akampa mwenyekiti kwa mikono miwili.

"Mwambie asukutue kwanza," akasema.

Mwenyekiti akacheka. "Aki mzee, mgeni hawezi ambiwa akaoshe mdomo."

Utepe ukakatwa. Yule kiongozi wa Embu akapanda kwenye ngazi na fimbo yake, akatuinulia mkono tunyamaze, ingawa tulikuwa kimya. Kijana akasimama mlangoni, mahali pa baba, akapuliza. Nitasema ukweli: alijua kupuliza. Pumzi alikuwa nayo na vidole alikuwa navyo. Lakini wimbo wa nyanya hakuujua, kwa hiyo alipuliza kitu chake, chenye mapambo mengi na kona nyingi, kitu cha kuonyesha kwamba anaweza. Alikipuliza kwa muda mrefu, zaidi ya mara tano ya ubeti wa baba. Akina mama wakapiga vigelegele. Baadhi yao walikuwa wamebeba mawe pamoja na nyanya. Mimi nilikuwa namtazama baba. Alikuwa akisikiliza kwa makini, ulimi wake ukiyagusagusa yale meno kwa ndani, na vidole vyake vitatu vikibonyeza hewa pembeni ya suruali, vikipiga wimbo mwingine kabisa.

Kisha kiongozi wa Embu akatuongoza wimbo wa bendi nzima. Tukatazama goti la mpiga ngoma, baba akiwa amesimama katikati yetu mikono mitupu.

Hotuba zikafuata, zawadi zikafuata. Wageni wakapewa ndizi za kupakia garini, na kila mmoja kuku. Gari lilipoondoka, tarumbeta ya baba ilikuwa imeachwa juu ya meza katikati ya mifupa, na inzi wameshatua juu yake. Nikaichukua nikampelekea. Baba akaniuliza kama watu wameondoka wote. Nikaelewa anawaza nini. Hata kama ni kanisa tupu, hata kama ni akina mama wanaofagia tu, mlango ulikuwa bado pale.

Akabonyeza. Kibonyezo cha kwanza kilishuka hakikupanda. Akapuliza taratibu, kikatoka kitu kama mtu anayebanja kohozi.

Nikaenda jikoni kwa akina mama, nikaomba karai na maji ya moto na sabuni. Nikaifungua vipande vipande kama alivyonifundisha, nikaizamisha. Mafuta yakapanda juu ya maji, ya manjano, yakajikusanya duara. Kwenye kidomo, pale pa kupulizia, kulikuwa na uzi wa nyama. Nikauvuta kwa kucha na nikahisi kutapika, nikatapika kweli, nyuma ya jiko, na mama mmoja akanipiga mgongo akiniuliza kwa upole kama nina mimba. Niliosha mara ya pili na ya tatu. Kila nikidhani yameisha, yanapanda mengine. Nilikuwa nalia kwa hasira, na nilichokichukia zaidi wakati ule hakikuwa kijana, wala kamati. Ni ile mikono miwili ya baba.

Nilipomletea ikiwa imekauka, mwenye ufunguo alikuwa ameshafunga kanisa na kwenda. Baba alikuwa ameketi kwenye ngazi, shavu limevimba.

"Puliza basi hapa," nikamwambia. "Tuko mimi na wewe. Nisikie."

Akatikisa kichwa. "Kanisa lishapulizwa," akasema. "Na yule kijana anajua. Umesikia vile anashika pumzi?"

Nikaibeba tarumbeta. Tulitembea hadi nyumbani, na sijui hata leo kama nilikuwa namhurumia au namchukia.

Jumatatu akaenda, akang'olewa yote mawili.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti alisimama mbele, ndani ya kanisa jipya lililonuka rangi, kutoa shukrani. Aliwashukuru wageni kwanza, kwa kirefu. Aliwashukuru waliotoa mbuzi. Akawashukuru waliokopesha viti na sufuria na hema. Mwishoni kabisa akasema, "Na tusisahau mzee wetu wa bendi, aliyetupatia chombo mgeni akatumia. Mzee, simama watu wakuone."

Baba akasimama. Alifunika mdomo kwa kiganja ili watu wasione pengo, akainama kidogo kulia, akainama kidogo kushoto, kama mtu anayepokea zawadi, na juu ya kile kiganja macho yake yalikuwa yanatabasamu. Watu wakapiga makofi. Nikaona kinyaa kikinipanda kutoka miguuni, kinyaa cha mwenyekiti, cha makofi, cha kanisa lenyewe na mawe yake. Nami nikapiga makofi, kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu aliyesimama alikuwa baba yangu, na alikuwa anatazama upande wangu kuona kama nami napiga.