Upande Wake wa Sinia

Mtaani walituita Barabu, yaani Waarabu, nasi tulikubali, ingawa wengi wetu hatukujua Uarabuni iko upande gani wa dunia. Babu zetu walitoka Maniema, wengine pwani, wakafika Lubumbashi na biashara zao na cherehani zao. Siku za utoto wangu mji ulikuwa ungali ukiitwa Elisabethville, na Katanga ilikuwa imejitangaza nchi. Sisi watoto tulikuwa na mambo yetu: kikundi cha vijana kilichokutana uani kwetu, mtaa wa Kampemba, kila Jumamosi alasiri.

Aliyekianzisha ni binti mmoja mshonaji ambaye sote tulimwita yaya, yaani dada mkubwa. Alitufundisha kushona, kufunga kidonda, kuimba na kucheza mpira, wasichana na wavulana pamoja. Wazee walinung'unika, mbona hapasomwi Kurani? Yaya akawajibu bila kupandisha sauti, "Dini muko nayo nyumbani na ku musikiti. Hapa batoto banajifunza kuishi na bantu." Baba yangu alicheka mpaka akakohoa. Msichana gani alikuwa amewahi kumjibu hivyo!

Rafiki yangu wa chanda na pete alikuwa wa nyumba ya pili, Mkasai, wazazi wake wametoka Kasai, Mkristo, binti wa karani wa reli aliyefanya kazi mtaa wa Makomeno. Aliingia kikundini kwa kunifuata tu, na kwa ajili yake tulikutana Jumamosi, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa ya msikiti na Jumapili ilikuwa ya misa yake. Aliimba vibaya, maskini, tena kwa nguvu. Nilimpenda kuliko dada zangu wa damu, na wao walijua.

Tukimaliza kazi tulikula pilau kwenye sinia moja kubwa, kila mtu upande wake. Desturi yetu ilikuwa kwamba asiyekuja, upande wake hauguswi na mtu. Unafunikwa na kupelekwa kwao ungali moto. Yaya alisema mtu asilale akidhani amesahauliwa.

Kisha Wakasai wakaanza kufukuzwa, eti Katanga si kwao. Yalianza maneno njiani, yakaja mawe juu ya mabati, halafu asubuhi moja nyumba ya pili ilikuwa tupu na mlango wazi. Walikuwa wamekimbilia kambi iliyolindwa na askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, nje kidogo ya mji. Nililia siku nzima, na chakula kilinishinda.

Jumamosi ile sinia ililetwa kama kawaida. Mvulana mmoja mkubwa akanyoosha mkono upande wa rafiki yangu. "Ye haiko Mwarabu," akasema, "na haiko tena wa hapa. Tukule." Mimi nina hasira za karibu, hata leo na mvi zangu. Nilimchapa mkono ule mpaka punje za wali zikaruka. Yaya hakunigombeza. Aliupakua upande ule kwenye bakuli, akafunika, akasema, "Tunapeleka sasa."

Mama alinivuta jikoni kabla hatujatoka. "Umwambie akuye kukaa kwetu," akaninong'oneza. "Nitamufunga mutandio, nitasema ni mutoto ya dada yangu wa Kasongo. Nani atamutafuta mu nyumba ya Barabu?" Nilimkumbatia mama yangu kwa nguvu hadi akaniambia nimwache apumue. Njia nzima nilikuwa nikipanga rafiki yangu alale upande gani wa kitanda.

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari wa Katanga walifunua bakuli, wakanusa, wakatuuliza tunakwenda kwa nani. "Kwa ndugu yetu," yaya akasema. Walitazama mitandio yetu, wakaona ni Barabu na pilau yao, wakatupisha.

Kambini palikuwa na moshi na vibanda vya majani, maturubai na makaratasi, na watu, watu, watu. Mama yake alitupokea kwa mikono miwili. Wadogo zake walilifuta bakuli kwa vidole, halafu mdogo kabisa akauliza, "Na bukari iko wapi?" Yoo! Kumbe muda wote huo tulijisifu kwa pilau yetu, na kwa Mkasai mtu ambaye hajala bukari, ule ugali wao, bado hajala. Mama yake alicheka huku machozi yakimtoka. Sijui alikuwa akilia nini, pilau au mengine yote.

Ndipo nikasema maneno ya mama. Mama wa rafiki yangu alimtazama binti yake, akaniangalia mimi, akasema, "Kama anataka, aende." Mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua nguo yake.

"Twende basi!" nikamwambia rafiki yangu. "Utakuwa salama. Utalala na miye."

"Na mama akipita kwenu ku njia," akaniuliza, "nitamuita nani?"

Katika mipango yangu yote ya kitanda, sikuwa nimemfikiria mama yake hata kidogo. Yeye alimpakata mdogo wake, akakaa karibu na mama, nikajua amekwisha kuchagua. Iliniuma, nisiseme uongo. Iliniuma kama amenifukuza.

Alitusindikiza hadi mahali askari wa ONU walipomruhusu kufika. Pale akanishika mkono, na sauti yake ikawa ngumu. "Usikuye tena. Kila nikikuona, moyo inafikiri tunarudi nyumbani. Halafu unaenda, na miye nabakia."

"Basi sikuyi!" nikamjibu kwa hasira, nikageuka. Yaya alinishika bega njia nzima.

Wiki ile nilisema mbele ya kila mtu kwamba siendi. Jumamosi nikamwomba mama anisongee bukari ya kutosha nyumba nzima. Alisonga sufuria tele. Kwenye kizuizi walituchelewesha kwenye jua kali, yaya akiwabembeleza, nami njia nzima nikijiambia nitaiacha sufuria kwa askari wa kambi, nigeuke, asinione.

Alikuwa amesimama palepale tulipoachana, kwenye vumbi, nywele zimesukwa upya. Askari alikuwa akimwonyesha kwa mkono arudi ndani, yeye hamsikilizi.

"Umekawia," akasema.